Magitaa Matatu, Bega Moja

"Usilichukue hilo, mwalimu."

Mkono ulikuwa umeishika shingo ya gitaa, juu kidogo ya mkono wake. Dada Solo hakugeuka. Hakuwa na haja. Sauti ile alikuwa ameisikia sebuleni kwake kila Jumapili kwa miaka minne.

Wapo wasomaji walioapa wiki nzima kwamba mwenye mkono ule ni mume wake. Poleni sana. Mume wake yuko barabarani na lori, mipaka miwili kutoka hapa, na simu yake haipatikani. Wengine wakasema ni mwizi. Mwizi gani anaita watu mwalimu?

Ni Miwani.

Kama gazeti hili umeliazima kwa jirani na hadithi yetu ndiyo unaianza leo, jua hivi: Miwani ni mwanafunzi wa Dada Solo. Dada Solo ndiye aliyemwonyesha pa kuweka vidole. Kisha ubao wa jukwaa ukakatika katikati ya harusi ya watu, Dada Solo akaenda chini na gitaa lake likamfuata, mfupa wa bega ukavunjika. Kapteni, kiongozi wa bendi, akamsimamisha Miwani mahali pake. Kwa muda tu, alisema. Muda huo sasa umeota mizizi.

Bega limeunga. Lakini daktari wa mifupa hakuzungukazunguka. Gitaa lake la zamani ni gogo zima la mti, zito kama mlango wa benki. "Ama uliweke chini hilo gitaa," daktari alimwambia, "ama uuweke chini huo mkono."

Ndiyo maana yuko hapa, kwenye duka la Fundi, anatafuta gitaa la umeme ambalo ndani yake halina kitu. Jepesi. La kubebwa na bega lililoshonwa.

"Umenifuata?" akauliza.

"Nimekutangulia. Nilikuwa nyuma, kwenye chumba cha Fundi."

"Unafanya nini huko?"

"Nakusubiri. Fundi aliniambia utakuja leo."

Dada Solo akageuka sasa. Kijana alikuwa amekonda. Miwani ilikuwa imemteleza mpaka nusu ya pua, kama kawaida yake akiwa na jambo.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa juu ya spika kubwa karibu na mlango na mkoba wake mapajani, akanyoosha shingo. Alihamia kwao tangu siku ya ajali, amwoshee mkwewe vyombo mpaka bega lipone. Bega limepona, vyombo bado anaosha, kwa sababu anasema wao hawajui kusuuza. Masikio yake siku hizi yanachagua ya kusikia.

"Nani huyo unayeongea naye?"

"Ni Miwani, mama."

"Miwani yangu ninayo, nimeivaa."

"Shikamoo, mama," Miwani akasema kwa sauti ya juu.

"Marahaba, mwanangu. Umekula wewe? Mbona mwembamba hivyo?"

Dada Solo hakutaka urafiki uanze hapo. Akamvuta kijana kwa kola mpaka kwenye kona ya vinanda.

"Sema ulichokuja kusema."

"Kapteni ameusogeza mchujo wa mpiga solo. Sio kesho tena. Ni leo, saa kumi, ukumbini."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na ushei.

"Mbona hajanipigia?"

Miwani akaisukuma miwani juu. "Aliniagiza mimi nikuambie. Halafu akaniambia, nikisahau hatanilaumu."

Kuna maneno yanayoingia polepole. Haya yaliingia moja moja, kama wageni wasiojua wakae wapi. Keshokutwa bendi inaondoka, nusu mwaka, mji baada ya mji. Basi lina nafasi ya mpiga solo mmoja. Kapteni hakuwa na moyo wa kumwambia mama wa watu kwamba amekwisha, kwa hiyo aliamua asahauliwe tu.

"Na wewe hukusahau."

"Sikusahau."

"Kwa nini?"

Kijana akageukia pazia. Fundi alikuwa ametokea nyuma ya pazia, anapangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Naona mmeshasalimiana," Fundi akasema. "Tuchague sasa. Saa haimngoji mtu."

Akapanga kwenye kaunta magitaa matatu aliyokuwa nayo ya namna hiyo, kichwa kwa kichwa, kama watoto wanaopimwa urefu.

La kwanza ni hili ambalo mikono miwili ilikuwa ikiligombea. Rangi ya asali, tumbo nene, uvungu mtupu kutoka upande hadi upande. Ukiligonga kwa kidole linaitika. La pili jekundu, lenye matundu mawili yaliyojipinda kwenye kifua. Kwa nje ungesema nalo ni tupu, kumbe katikati limepitiwa na gogo la mti kutoka shingoni mpaka mkiani, na ni ubavu tu ulio wazi. La tatu jeusi, uvungu mtupu kama la kwanza, ila wembamba wake ni wa sahani.

"Ndugu watatu, mama mmoja," Fundi akasema. "Tabia hazifanani hata kidogo."

Dada Solo alikuwa ameshalivaa la asali. Mkanda ukakaa begani, akasubiri maumivu. Hayakuja. Akasubiri tena. Gitaa lilikuwa jepesi kama kapu tupu, limemlalia tumboni kama mtoto aliyeshiba.

Fundi akachomeka waya. Dada Solo akapiga nyuzi zote mara moja, taratibu, akaziacha.

Sauti ilikuwa ya duara. Ilikuwa na joto ndani yake, kama mtu anayeongea huku anatabasamu. Miezi yote ile ya kulala chali na kuhesabu vigae vya dari, hii ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia kichwani.

"Hili," akasema.

"Mwalimu," Miwani akaanza.

"Nimesema hili."

"Mimi sisikii kitu," mama mkwe akasema kutoka mlangoni. "Unapiga au unalipangusa?"

Fundi akacheka, akaongeza sauti kidogo kwenye amplifaya.

"Bado."

Akaongeza tena.

"Mwanangu, huko ukumbini kuna tarumbeta. Mimi ndiyo ukumbi. Ongeza."

Fundi akazungusha kitufe mpaka zaidi ya nusu. Dada Solo akapiga nyuzi zile zile.

Ilianza chini, kama friji linalotaka kufa. Kisha ikapanda. Kabla Dada Solo hajaziba nyuzi kwa kiganja, duka zima lilikuwa linapiga yowe. Vioo vya kabati vikatetemeka, filimbi moja ikaanguka yenyewe, na paka wa Fundi akachomoka dirishani bila kugusa kizingiti.

Fundi akaruka kuchomoa waya. Kimya.

Mama mkwe akatikisa kichwa, ameridhika. "Hapo nimesikia."

"Ndicho nilichotaka kusema," Miwani akasema.

Fundi akaokota filimbi yake. "Tumbo tupu lina sikio, dada yangu. Linaisikia spika, linaitikia. Spika nayo inalisikia, inaitikia kwa nguvu zaidi. Ni kama mke na mume wakibishana, kila mmoja anapandisha sauti kwa sababu mwenzake amepandisha. Mahali pa kunong'ona, hili ni mfalme. Kwenye ukumbi wenu, na dramu, na tarumbeta tatu? Litawafukuza wageni kabla hawajala."

Dada Solo akalivua. Wasomaji wangu, mmewahi kumrudisha mtoto wa watu kwa mama yake? Ndivyo alivyolirudisha.

"Watu wengine wanajaza nguo mle ndani," Fundi akasema, akitaka kumfariji. "Sponji, pamba. Yowe linapungua."

"Na sauti?"

"Sauti nayo inapungua."

"Basi si bora nipige meza."

Miwani akalinyanyua lile jekundu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua hili, mwalimu. Nimeyapiga yote matatu tangu asubuhi, kwa sauti ya ukumbini, mpaka majirani wakaja kumgombeza Fundi. Hili lina gogo katikati. Halipigi yowe hata ukilisimamisha mbele ya spika."

Dada Solo akalivaa. Sauti ilikuwa nzuri, imesimama wima, haitetereki. Fundi akaongeza, akaongeza tena, gitaa likanyamaza kama mtu mwenye siri. Hakuna yowe.

Lakini gogo ni gogo. Wimbo mmoja haujaisha, bega likaanza kusema. Halikupiga kelele. Lilisema tu, chini kwa chini, pale pale mfupa ulipoungwa.

Na hapo ndipo wazo baya lilipomwingia.

Akamtazama mwanafunzi wake. Kijana huyu ana nafasi yake. Kijana huyu amefika dukani kabla yake. Kijana huyu anamkataza jepesi na kumpa zito. Nyimbo tatu za mchujo, bega litashika mbili. Ya tatu mkono utashuka wenyewe mbele ya Kapteni, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

"Umefikiria vizuri," akasema.

"Nini?"

"Ungelisahau tu, kama Kapteni alivyotaka. Lakini huku ni kuzuri zaidi. Huku nitaanguka mwenyewe."

Miwani akavua miwani yake. Bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa usingizini.

"Unafikiri nimekuletea mtego."

"Niambie kwa nini nisifikiri hivyo."

"Kwa sababu nataka kukushinda," akasema. "Nataka sana. Lakini nikikushinda wakati hukuja, au umekuja na gitaa linalolia kama king'ora, nitakuwa nimeshinda bega. Wewe sitakuwa nimekushinda. Nitazunguka nusu mwaka na bendi nikijua hilo."

Hayakuwa maneno matamu. Pengine ndiyo maana yalimgusa. Ila kumgusa ni jambo moja, kumwamini ni jingine, na saa ya ukutani haikuwa imesimama kuwasikiliza.

Akaliweka jekundu kaunta. Akalinyanyua jeusi.

"Hili nalo?"

Fundi akakuna shingo. "Hilo ni mdogo wao. Tupu ndani, kwa hiyo litataka kulia. Lakini tumbo lake ni jembamba, kwa hiyo halina pumzi ya kulia sana. Ni la kuongoza, dada. Ukililegezea, linakushinda. Ukilibana, linakufa."

Likakaa begani bila neno. Sauti yake haikuwa ya asali wala haikuwa ya gogo. Ilikuwa na ukali kidogo mbele na joto nyuma. Fundi akaongeza sauti, likaguna. Dada Solo akageuka kidogo upande, likanyamaza. Akarudi, likaguna. Akajikuta anatabasamu.

"Hili lina kiburi," akasema.

"Mwalimu, ukumbi ule una sakafu ya mbao," Miwani akasema kwa upole. "Mbao zile zinatetemeka zenyewe. Litalia."

"Likilia nitalibembeleza."

"Chukua lenye gogo, tafadhali."

"Ulitaka kunishinda mimi," akamjibu. "Mimi ndiye huyu. Fundi, nipe mfuko wake."

Fundi akamfungia, akasema bei wataongea akirudi. Mama mkwe akashuka juu ya spika, akamshika Miwani mkono bila kuulizwa.

"Wewe utanisaidia ngazi," akamwambia. "Huyu mkwe wangu akiwa na haraka ananiacha."

Basi wakapanda teksi moja, mwalimu, mwanafunzi na mama mkwe katikati yao akigawa biskuti, na wawili kati yao hawakusemezana njia nzima.

Ukumbini wahudumu walikuwa wanatandika vitambaa vya meza kwa ajili ya sherehe ya jioni. Bendi ilikuwa jukwaani. Kapteni alikuwa mbele yao, mnene, ameivaa kofia yake nyeupe ya nahodha ambayo haijawahi kuona maji mengi kuliko ya mvua.

Alipomwona Dada Solo anaingia, mkono wake uliokuwa unahesabu mapigo ulibaki hewani.

"Umekuja," akasema.

"Nilisikia ni leo."

Kapteni akamtazama Miwani. Miwani alikuwa anafuta miwani yake kwa bidii kubwa.

"Vizuri," Kapteni akasema, ingawa uso wake haukukubaliana na mdomo. "Nyimbo tatu kila mmoja. Kijana aanze."

Mama mkwe akajikalia nyuma kabisa, kwenye meza ya karibu na mlango, taa za huko zilikuwa hazijawashwa. Hapendi kelele. Hajawahi kuja kumwona mkwewe akipiga, na alisema leo amekuja kwa ajili ya kushika mkoba tu.

Miwani akalivaa gitaa alilokuwa akilitumia miezi yote hiyo. Lilikuwa lile la zamani la Dada Solo, lile zito, kwa sababu mwenyewe alimwazima siku alipotoka hospitali.

Ni jambo gani hilo, kukaa chini na kulisikia gitaa lako likiongea mdomoni mwa mtu mwingine.

Dada Solo alikuwa amejidanganya kidogo njiani. Alidhani kijana atamlegezea. Hakumlegezea. Alipiga wimbo wa kwanza safi, wa pili safi zaidi, na kwenye wa tatu akaenda mahali ambapo mwalimu wake hakuwahi kumwonyesha. Mpiga besi akaacha kutafuna ubani wake. Mhudumu mmoja akatandika kitambaa kimoja mara mbili.

Alipomaliza, jasho likimtoka, akamtazama mwalimu wake bila kuomba radhi.

"Sasa wewe," Kapteni akasema.

Akapanda. Goti lilikumbuka ule ubao uliokatika, likasita. Akalipita.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa ridhimu ya haraka, gitaa jeusi likaenda nao kama limezaliwa humo. Wa pili ulikuwa wa polepole, na hapo wale walioliona jembamba wakidhani ni la mapambo walinyanyua vichwa. Lilikuwa linapumua. Kila uzi ulikuwa na chumba chake.

Bega? Bega lilikuwa kimya. Alilisikiliza kama unavyosikiliza mtoto aliyelala chumba cha pili.

Kisha wimbo wa tatu. Tarumbeta zikaingia zote, mpiga dramu akaamka, na Kapteni akamwashiria fundi mitambo kwa kidole gumba: juu. Sauti ikapanda.

Dada Solo alilihisi tumboni kabla ya masikio. Gitaa lilikuwa linatetemeka lenyewe. Mbao za sakafu zilikuwa zinatetemeka chini ya viatu, na mtetemo ulikuwa unapanda miguuni. Guno likaanza. Likapanda.

Akageuka upande, kama dukani. Halikunyamaza. Akarudi. Likapanda zaidi. Mpiga tarumbeta wa mwisho akakunja uso. Kapteni akafumba macho, kama mtu anayeona alichokitegemea, na huzuni yake ilikuwa ya kweli.

Dada Solo akakishika kitufe cha sauti. Akikipunguza, yowe litakwisha, lakini gitaa nalo litazama chini ya tarumbeta na hakuna atakayejua kama alikuwepo.

"Mwalimu."

Miwani alikuwa amefika ukingoni mwa jukwaa, chini ya miguu yake.

"Rudi nyuma. Kwenye zulia la dramu. Nipe mgongo, ipe spika bega."

Nyuma ndiko spika nyingine iliko. Kurudi huko na gitaa linalolia ni kama kumpelekea mgomvi mgomvi mwenzake. Kama kijana huyu ana mtego, mtego ndio huu.

Akamtazama. Miwani ilikuwa imeteleza mpaka ncha ya pua, na hakuwa na habari nayo.

Akarudi nyuma.

Mguu ulipokanyaga zulia, mtetemo wa sakafu ukakatika. Yowe likashuka, likashuka, likawa noti moja tu. Noti nyembamba, ndefu, safi, inayokaa hewani yenyewe bila kuguswa. Na noti yenyewe ilikuwa ndani ya wimbo.

Mtu mwingine angeiziba. Dada Solo aliiacha. Akasogeza kifua kidogo kuelekea spika, noti ikanenepa. Akaondoa, ikakonda. Akaanza kupiga nyuzi nyingine chini yake, huku ile ya juu ikiendelea kuimba kama mtu wa pili. Tarumbeta zikanyamaza moja moja, bila kuambiwa, zimpishe.

Wimbo ukaisha. Noti ikabaki peke yake, akaishika kwa kiganja, ikatulia.

Wahudumu walikuwa wamesimama na vitambaa mikononi.

Kapteni akaja mpaka karibu naye. "Ile ya mwisho. Ilikuwa bahati, au ni wewe?"

"Hesabu tena."

Kapteni akahesabu. Dada Solo akaipiga tena, na safari hii akaishikilia muda mrefu zaidi, kwa makusudi, akimtazama usoni.

"Bega linasemaje?"

"Limechoka," akasema. "Haliumi. Wenye kuumwa tunaijua tofauti."

Na hapo, baada ya miezi yote, macho yake yakajaa. Akajifanya anarekebisha mkanda.

Kapteni akavuta pumzi. "Nafasi ni yako. Nilikukosea, na nitakuambia hivyo mbele yao wote." Akamgeukia Miwani. "Kijana, umepiga vizuri sana. Shati la bendi ulirudishe kesho."

Miwani akaitikia kwa kichwa. Akaanza kulifungua lile gitaa zito, alirudishe kwa mwenyewe.

"Ngoja," Dada Solo akasema. "Kapteni, mimi zulia hili sikulijua. Yeye ndiye aliyelijua. Wachukue wawili. Solo mbili."

"Basi limejaa."

"Atakaa juu ya masanduku."

"Nimesema mmoja. Sio kwa ubaya. Nikianza kumwonea huruma kila mtu, kesho tutaondoka na wapishi." Akaweka kofia yake sawa. "Mmoja. Na kama hutaki mmoja huyo awe wewe, niambie sasa hivi."

Miwani akatikisa kichwa kumkataza mwalimu wake. Dada Solo akafungua mdomo, na hata mimi ninayewasimulia sina uhakika angesema nini.

Hakupata kusema. Kiti kiliburuzwa huko nyuma kwenye giza.

Mama mkwe alikuwa anakuja, mkoba kifuani, polepole, anapita katikati ya meza zilizotandikwa.

"Simsikii vizuri huyo bwana," alikuwa anasema. "Anasema nani hana nafasi? Huyu mtoto aliyenishika mkono?"

Akafika chini ya jukwaa, kwenye mwanga. Akainua uso.

Akavua miwani yake, akaipangusa kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. Kisha akamwita Kapteni kwa jina. Halikuwa Kapteni. Lilikuwa jina dogo la kudekezana, jina la mtu ambaye bado hajaota ndevu, na miaka yote ile bendi nzima haikuwahi kulisikia.

Mpiga besi akacheka, akaona uso wa Kapteni, akaacha.

Kapteni alikuwa amevua kofia. Kwa mara ya kwanza watu wakaona kwamba ana upara. Alipopata sauti, haikuwa ile ya kuhesabia mapigo.

"Walisema umekufa," akasema.

"Nani alisema?"

Kapteni akamtazama Dada Solo, kama anayeomba ruhusa ya kusema jambo la familia ya mtu. Dada Solo akamkumbuka baba mkwe wake, marehemu sasa, mzee mpole ambaye picha yake iko juu ya televisheni na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsema vibaya.

"Mumeo," Kapteni akamwambia mama mkwe. "Alinipeleka mwenyewe makaburini. Akanionyesha pa kuweka maua."